Sura ya Ngoma

Río Piedras, 4 Machi 1974

Mama mpenzi,

Naomba baraka zako. Mimi mzima, mafua tu. Goti lako vipi?

Kitabu kimekwisha, mama. Miaka sita ya kuzunguka na kinasa sauti kwa wazee wetu! Jana wakubwa wa chuo waliniita. Dakta Arrizabalaga akasema, “Bibi Osorio, sura ya ngoma itoe. Sosiolojia si kelele za mitaani.” Nikiitoa, napata ajira ya kudumu. Nikikataa, Juni naondoka.

Nikamjibu, “Sitoi.” Wewe wasemaje?

Mwanao,
Migdalia

Loíza, 11 Machi 1974

Mwanangu,

Mungu akubariki. Goti linauma, siku hizi nakaanga nimekaa.

Itoe hiyo sura! Miaka ishirini nakaanga alcapurria, vitafunwa vya kaa, kando ya barabara, wewe usome, usinuke moshi kama mimi. Ngoma zimetupa nini zaidi ya kuchekwa? Andika mengine. Na nyumbani kwangu usiniulize habari za ngoma, nimeshakwambia.

Mama yako,
Providencia

Río Piedras, 2 Julai 1974

Mama,

Baraka zako. U mzima? Hii barua ya tatu tangu uliponiandikia Machi, hujajibu hata moja.

Wamenifukuza. Kanda zangu nilizikuta koridoni, ndani ya maboksi ya sabuni. Nikazibeba mwenyewe, kichwa juu.

Sasa nafundisha Jumamosi kwenye ukumbi wa chama cha washonaji. Siku ya kwanza walikuja wanne. Juzi thelathini na mmoja. Mzee Eleuterio, anayetupigia ngoma darasani, alinikatiza mbele ya wote: “Mwalimu, hapo umechemsha! Huo si mdundo wa kuomboleza. Hapo mchezaji anamchokoza mpigaji!” Watu wakacheka, nami nikafuta ubao. Kitabu tutakichapa wenyewe, sura ya ngoma ikiwa ya kwanza.

Siombi ruhusa, mama. Naomba baraka tu.

Mwanao,
Migdalia

Loíza, 15 Julai 1974

Migdalia wangu,

Mungu akubariki mara tatu, kwa barua zote nilizosoma nikanyamaza. Mimi mzima.

Jumamosi nilipanda basi nikaja. Nilisimama nje, dirishani. Nikakusikia ukiwaambia kwamba Loíza wapigaji walikuwa wanaume tu. Si kweli.

Bibi yako alipiga. Nilikuwa na miaka tisa polisi walipoipasua ngoma yake kwa shoka, wakamfunga siku nane. Shuleni wakaniita mtoto wa mfungwa. Tangu hapo sijamtaja, hata kwako. Nilikuwa naogopa utamchimbua, watu wakucheke na wewe. Kumbe wewe huchekeki!

Mwandike kwa jina kamili: Tomasa Pizarro Calcaño. Akitokea wa kubisha, mlete kwangu.

Jumamosi hii naingia kwa mlango wa mbele. Mama alinifundisha kupiga kabla hawajamchukua, na mikono haijasahau. Waambie wanafunzi wako wasogeze viti, na mzee Eleuterio anipishe nikae kwenye ngoma.

Mama yako,
binti Tomasa