Kwa Bibi Mpiga Chapa: Ombi la Kuongezewa Siku

Ni mwaka mmoja leo, Bibi, tangu kalamu yako itulie na nyumba yetu ibaki na watu wanaoitana tu kutoka chumba hadi chumba.

Familia ilikaa kikao kuamua nani akuandikie kumbukumbu hii ya gazetini. Baba akanigeukia. "Andika wewe. Ndiwe uliyekuwa unaandikiana naye. Ila uweke heshima, gazeti si ukuta wa bweni." Nimeahidi kuweka heshima yote nitakayoipata.

Ulipiga chapa barua za ofisi miaka thelathini na mmoja, mpaka vidole vyako vya shahada vikapinda. Siku ya kustaafu uliapa hutaandika tena "Yah", ile "yahusu" ya barua za ofisi, maishani. Za kwako uliziandika kwa mkono, kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuifuta meza ya jikoni mara mbili. "Barua ya moyoni haina nakala," ulisema.

Uliwaandikia hata waliolala chumba cha pili. Mama, mkwe wako, alikuta yake ndani ya sufuria: "Mwanangu, jana nimekusema mbele ya wageni. Chumvi ilikuwa sawa. Mdomo wangu ndio uliozidi." Mama alicheka, akalia, akasahau kupika. Tulikula mkate mkavu siku hiyo na hakuna aliyelalamika.

Mimi, mume wako mdogo, ulianza kuniandikia wiki ile ile niliyopelekwa shule ya bweni. Kurasa mbili, kila wiki. Nami nikakujibu kiserikali: Kumb. Na. BWENI/3/KITANDA/14. YAH: TAARIFA YA KUENDELEA KUWA HAI. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mara moja nilijifanya mkuu wa shule, nikakuarifu kwamba mjukuu wako ameteuliwa kuwa mfano wa kuigwa. Uliirudisha barua ile ikiwa na wino mwekundu: "Mkuu wa shule hawezi kusahau kuacha nafasi baada ya mkato. Na huyo mjukuu simfahamu."

Kisha ukaandika: "Mume wangu, nimecheka vya kutosha. Sasa niandikie moja isiyo na Yah. Uko salama huko? Za ofisi nimezishika maisha yangu yote, nataka barua ya mtu."

Nilijaribu, Bibi. Niliharibu karatasi sita. Mwisho nikakutumia nilichokiweza: YAH: OMBI LA KUONGEZEWA SIKU. Niliomba mpaka likizo.

Tulikuzika Jumatatu. Nikarudi shule, na Ijumaa, barua zilipogawiwa, nikaitwa. Ulikuwa umeituma kabla hujaugua. "Ombi limekubaliwa. Ila usikae sana, mume wangu, mimi si ofisi."

Likizo ile imepita, na nyingine mbili. Barua isiyo na Yah, hii hapa.

Sikuwa salama. Muhula wote wa kwanza sikuwa na rafiki. Utani niliuanza ili watu wanisogelee. Wakasogea, wakacheka, wakaenda zao. Barua zako nilizisomea nyuma ya matangi ya maji, kwa kuwa nikizisoma uso wangu ulikosa mzaha, na sikutaka mtu auone. Nilikuwa na mtu mmoja, naye alifika kila Ijumaa ndani ya bahasha. Nilipaswa kukwambia hivyo, kwa maneno haya haya, ungali na macho ya kuyasoma. Nikakuomba siku, wewe uliyekuwa umebakiwa na chache.

Sasa barua zinapogawiwa, mimi huenda kufua soksi. Wenzangu wananiita Bwana Usafi. Soksi zenyewe si chafu.

Unakumbukwa na mwanao fundi bomba, mkwe wako, dada yako uliyegombana naye na kupatana naye kwa maandishi, wajukuu zako wanne, na mimi, mume wako.

Tutakukumbuka daima. Mimi, hasa Ijumaa.