Moshi wa Bomba la Pili

Kijiji cha Ak-Bulak,
Murghab.
9 Novemba 2017

Mpendwa mdogo wangu Temirkul,

Pokea salamu nyingi kutoka huku juu, ambako theluji imewahi mwaka huu. U hali gani? Kile kifua kilichokusumbua kimepona, au bado unakohoa ukipanda ngazi? Unakula vizuri, au unaishi kwa chai na mkate wa dukani? Sisi tu wazima. Mimi magoti yananiuma nikiteremka mlima tu; nikipanda hayana neno.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu inashika pale kilimani peke yake, na mtu akianza kuongea, kijiji kizima kinakumbuka kuchunga mbuzi karibu yake. Tena ukipiga wewe, mama yako ndiye anayekaa na simu. Haya nataka uyasome peke yako.

Unajua kwamba tangu tulipokubaliana kulifunga lile bonde lililo nyuma ya nyumba yenu, walinzi ni mimi na Joldosh. Hakuna kulisha mifugo humo, hakuna kukata kitu, bonde ni la kondoo-mwitu. Watu walicheka mwanamke kupewa darubini. Baadaye walinyamaza, maana wananijua: mimi mbuzi akinitazama mara mbili namuuliza anataka nini.

Mwaka jana tulihesabu kondoo-mwitu sitini na mmoja. Mwezi uliopita tumehesabu ishirini na watatu. Nilimwambia Joldosh kwamba alisinzia, akanuna. Nikarudi kuhesabu peke yangu siku ya pili, nikapata ishirini na wawili.

Basi nikapanda hadi ule mteremko unaopigwa na upepo, na huko nikakuta mashimo. Mtu amechimba teresken, shina baada ya shina, na mizizi yake yote. Wewe umekaa mjini miaka mingi, lakini huwezi kuwa umeisahau: kichaka hakifiki magoti, shina la unene wa kidole gumba limenizidi umri, na mzizi wake unawaka kama makaa ya mawe. Theluji ikifunika nyasi, ni hicho tu kinachobaki wazi, na ndicho kondoo-mwitu wanachokula mpaka masika. Kikiisha, wanashuka barabarani kutafuta cha kutia mdomoni.

Wameshashuka. Majike wawili tumewakuta karibu na daraja, wameraruliwa na mbwa. Chui wa theluji naye, aliyekuwa akiwafuata huko juu na kutuacha tulale, ameingia zizini kwa Joldosh akaua mbuzi kumi na mmoja. Joldosh anataka kumtegea mtego wa chuma. Nimemsihi angoje, nikamwambia mwenye kosa ana miguu miwili na mimi nitampata.

Nilimshuku Mamatkerim, yule dereva. Ana lori, ana turubai, na huko Murghab mjini anakopeleka mizigo waoka mikate wanachoma teresken. Kwangu mimi hiyo ilitosha. Nililala kifudifudi kilimani wiki mbili nikiitazama barabara. Siku moja nilimsimamisha nikapanda juu ya lori lake na kufunua kila kitu. Palikuwa na magunia ya chumvi na mashine kuukuu ya kufulia. Nikajiambia kwamba mtu mjanja hubeba chumvi siku anayojua atapekuliwa. Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikalitaja jina lake mbele ya watu, na mke wake akiwepo. Tangu siku hiyo hakuna anayempa mzigo.

Kila jioni nikishuka napita kwa mama yako kunywa chai. Shangazi ananimiminia, ananisukumia mkate wa moto, kisha ananipa na maneno yake.

"Ni huyohuyo Mamatkerim, mwanangu," ananiambia. "Mtu anayecheka peke yake kwenye usukani ana lake jambo. Kesho utamvizia wapi, nisije nikakuwekea chai bure?"

Nami namwambia. Jiwe lipi, upande upi, kuanzia saa ngapi. Namwambia kila kitu, mimi Sonunkan ambaye simwambii mume wangu nilipoweka sukari.

Alhamisi iliyopita nilikuwa pale kilimani. Upepo ukageuka, nami nikageuka kuukinga uso, nikajikuta naitazama nyumba yenu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba la jikoni. Ulikuwa unatoka pia kwenye bomba la chumba chako.

Nyumba ya mwanamke mmoja, majiko mawili. Unajua akili yangu ilikokwenda. Kwanza nilidhani Shangazi amepata mchumba, nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikakatika, nikawaza kwamba Mamatkerim amejificha humo na mzigo wake. Nikashuka mbio, nikaingia bila kupiga hodi.

Chumbani kwako hapakuwa na mtu. Jiko lilikuwa jekundu. Kitanda kimetandikwa yale mablanketi mazito ya harusi ya mama yako, na viatu vyako vya ndani vimewekwa karibu na moto, visigino vikielekea jiko. Nyuma ya mlango mizizi ya teresken imerundikwa hadi usawa wa dirisha. Sururu ilikuwa pale pale, na udongo wake haujakauka.

Shangazi akaingia kutoka nyuma ya nyumba, alikokuwa akimfungua punda mzigo. Hakukana, hakutaharuki. Alikung'uta mikono tu.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nilidhani utakuja wiki ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini, na anajua sheria ya bonde kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza tulipolifunga.

"Mavi makavu ya yaki wawili yanatosha jiko moja," akanijibu. "Na nyumba ikishapoa, kuta zinashika baridi mpaka masika. Kasema anakuja majira haya. Nimpokee kwenye barafu, na kifua kile?"

Nikamwambia kwamba hata mwaka jana ulisema hivyo.

"Ndiyo. Na mwaka jana pia nilikipasha moto chumba chake."

Niliona aibu, Temirkul, na nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, na zaidi nilijikasirikia mimi, kwa sababu mkate ule wa jioni niliousifu mwezi mzima uliokwa kwa chakula cha wanyama ninaowalinda. Nilichukua sururu, ipo kwangu. Jana nimempelekea magunia matatu ya mavi makavu kutoka kwenye akiba yetu. Ameyagawa sawasawa, nusu jikoni, nusu chumbani kwako.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mkutano ni Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Nimeshamchafua Mamatkerim mbele ya watu, na mbele ya watu nitamsafisha, kwa hiyo lazima nitaje nyumba iliyochimba. Adhabu unaijua: nyumba hiyo inafungiwa malisho ya majira ya baridi kwa miaka miwili. Mama yako ana yaki wawili na mbuzi tisa. Ukimfungia malisho, itambidi achinje wote kabla ya mwaka mpya. Kisha ataishije?

Ipo njia moja. Mwenye nyumba akisimama mwenyewe kuomba radhi, adhabu inageuzwa kazi: atajenga ukuta wa mawe kuuzunguka mteremko ule na kupanda mbegu za teresken kila shimo. Shangazi hawezi kuibeba kazi hiyo kwa niaba yako, wala mimi. Baba yako alipofariki nyumba iliandikwa jina lako. Jina nitakalolisoma Ijumaa ile si la mama yako, Anarkan. Ni Temirkul.

Na kwa kuwa nimeshakosea kumshuku Mamatkerim, nimeona safari hii nikuulize mhusika mwenyewe. Ulipopiga simu Septemba nilikuwa nimesimama nyuma ya mama yako, na nilisikia mtoto anakuita. Hakukuita kaka, wala mjomba. Shangazi hakusikia, au alisikia akameza. Kama una watu huko, sitakulaumu, na mtoto huyo nitampenda kabla sijamwona. Lakini kila mwaka unamwambia mama yako "majira haya nakuja", naye anapanda bondeni na punda kwa ajili ya neno hilo. Ama njoo Desemba usimame, ama mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba huji, ili alizime jiko hilo moja.

Joldosh anakusalimu, japo kwa huzuni ya mbuzi wake. Mume wangu Ysmanaly anakusalimu, na watoto wote wawili. Barua hii inakujia huko Osh mkononi mwa Mamatkerim, hakuna mwingine anayesafiri. Nilipomwomba aibebe alikubali papo hapo, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Hata hivyo bahasha nitaibandika gundi mara mbili. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Mungu akulinde na baridi ya huko na akuonyeshe njia ya huku.

Akupendaye hata anapokushuku,
Dada yako Sonunkan

Nilikuwa nakunja karatasi, Shangazi akaingia. Kaniuliza namwandikia nani, nikasema ofisi. Akaniambia: "Ukimaliza hiyo ya ofisi, mwandikie na Temirkul. Mwambie asihangaike kununua blanketi. Na kama haji peke yake, kitanda ni kipana."