Neno Alilolisema Baba kwa Karani wa Kodi

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, masika mbili zimepita tangu wakuzike Kurui, lakini sijazoea kuanza mazungumzo nawe bila kukuamkia. Naandika kwa sababu wiki hii mume wangu amesema maneno aliyokuwa akiyasema Baba, kwa sauti ile ile ya mtu aliyegundua ujanja, na tangu hapo wewe umo humu ndani ya nyumba yangu ya Visiga. Unapita nyuma yangu nikiwa jikoni. Nikigeuka, hupo.

Nakumbuka ulivyokuja kwetu Soga. Mimi nilikuwa mtoto wa mke mkubwa, na majirani walitarajia nikuchukie. Wewe ulinikalisha chini siku ya kwanza ukaanza kunisuka, ukamwambia Mama, "Mtoto huyu kichwa chake kigumu, ndani na nje." Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo kazi yenu ilikuwa kutaniana. Mchana nilikula kwako, usiku nililala kwa Mama, na Baba alikwenda huku na huku kati ya nyumba mbili. Kabla ya kuingia kwako alikohoa mlangoni, kikohozi kidogo cha adabu, nawe ukamjibu, "Ingia, kwani kuna mgeni?"

Baba alikuwa na kandarasi ya kuni za reli. Wakati ule gari moshi lilikula kuni, naye aliajiri watu wa kuzikata na kuzipanga karibu na stesheni. Kazi yenyewe aliipata kwa tajiri mmoja wa mjini, na huyo tajiri ndiye alikuwa hadithi yake ya kila jioni.

"Yule ana malori na ghorofa," alisema, "lakini kodi ikija, hana kitu. Lori la kampuni, nyumba ya kampuni, hata kiti anachokalia ni cha kampuni. Mimi nakata kuni zile zile, na kodi inanijua kwa jina. Kodi ya kichwa, na juu yake kodi ya mke wa pili. Mwenye malori haonekani. Mimi mwenye wake wawili naonekana kila upande."

Mama akamwambia, "Basi fungua kampuni na wewe." Tulicheka sote, nawe ukiwemo. Nadhani wazo lilimwingia hapo.

Karani wa kodi alipofika na tarishi wake, alipewa kiti barazani kwa Mama. Akauliza nyumba ya pili ni ya nani. Baba akasema ni ghala la mashoka na mahindi. Karani hakuwa mjinga, akasema mbona kuna kanga zimeanikwa nyuma yake. Hapo Baba angekubali tu yakaisha. Badala yake akasema, "Ni za mwanamke niliyekuwa naye. Nimekwishamwacha. Anangoja ndugu zake waje kumchukua."

Neno hilo alilisema wazi, majirani waliokuwa wakingoja zamu zao wakisikia. Wewe ulikuwa uani ukipepeta mchele na mimi nimekaa kando yako. Ungo ulisimama mikononi mwako. Ukauweka chini taratibu, ukajifunika kanga kichwani, ukaingia ndani.

Karani alipoondoka Baba alikuja kwako na furaha yake. Alikohoa mlangoni. Hukufungua.

"Umeniacha," ulisema kutoka ndani.

"Nimemwambia karani. Maneno ya kodi hayo."

"Talaka haichezewi, Baba Zuhura. Kamuulize mwalimu."

Alikwenda akiwa anacheka, akarudi hacheki. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia neno limetoka na watu wamelisikia, kwa hiyo imehesabika talaka moja. Lakini alimpa na njia: kabla eda yako haijaisha amrejee mkewe mbele ya mashahidi, na ndoa itasimama kama ilivyokuwa.

Dawa ilikuwa rahisi namna hiyo, Mama mdogo. Na Baba hakuinywa. Karani alikuwa bado anazunguka vijijini, na mashahidi wangekuwa majirani wale wale waliolipa kodi yao yote, wengine kwa kuuza mbuzi, na wengine walioshindwa wakapelekwa kuchimba barabara. Mmoja wao angemsema kwa karani. Kwa hiyo Baba akasema tungoje karani avuke Ruvu. Akavuka. Akasema tungoje majina yafike bomani Kisarawe. Yakafika. Kila wiki ilikuwa na sababu yake, na wewe ulikuwa umekaa eda ndani ya nyumba iliyoandikwa ghala, ukiniita dirishani nikuletee maji na kuniuliza habari za nje kana kwamba umesafiri.

Mwishowe Mama alimwendea Baba. Nilimsikia. "Mwenzangu siku zake zinakwisha. Mrejee. Kodi nitalipa mimi, nitauza kuku wangu."

Baba akasema, "Wiki ijayo." Eda ikaisha kabla ya wiki hiyo kufika.

Kaka yako alikuja kutoka Kurui akakuchukua. Ulinishika kichwa, na bado nauhisi mkono ule. Kila Baba alichomwambia karani kilikuwa kimetimia: umeachwa, ndugu zako wamekuchukua, na baada ya mavuno nyumba yako ikajazwa mahindi na mashoka. Baba alipotuma watu kukuposa upya, ulimjibu, "Mwambieni akamuulize karani kama naruhusiwa." Mama alilirudia jibu hilo miaka mingi, na kila mara alilia.

Hukumwona Baba baadaye. Jioni alikuwa akienda kwenye ghala, akisimama mlangoni, akikohoa. Kisha alikumbuka kwamba umeondoka. Basi aliingia akatoka na shoka begani, ili tudhani alifuata shoka. Alifanya hivyo mpaka alipolala kitanda cha mauti. Ulikuja matangani ukakaa kwenye mikeka ya nje. Mama alikufuata akakuvuta mkono uingie ndani alikokalia eda yake ya ujane, ukamwambia, "Mimi mgeni." Nimechoka kuyasikia maneno hayo, Mama mdogo. Yananiamsha.

Nimejiuliza sana kama Baba alikuwa mwizi. Tajiri yake alificha mali kubwa kuliko kuni zote za Soga na watu walimwamkia kwa heshima, maana yeye sheria ilimfungulia mlango. Baba hasira yake ilikuwa ya haki, na sitamruhusu mtu aniambie vingine. Lakini tajiri alijitenga na lori, na lori halina masikio. Baba alijitenga na wewe.

Sasa mume wangu. Ana kandarasi ya kokoto za barabara ya Morogoro. Juzi amerudi kutoka Dar es Salaam na karatasi, uso unamng'aa. "Lori litakuwa la kampuni," aliniambia. "Vifaa vya kampuni. Na nyumba hii tutaiandika ghala la kampuni. Mimi nitakuwa sina kitu."

Nikamuuliza, "Na mimi humo ghalani ni nani?"

Akacheka. "Maneno ya karatasi tu hayo, mama watoto."

Ndipo nikamsimulia habari zako, ambazo sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo unataka mimi nilipe kodi kubwa kuliko matajiri?" Ni swali zuri. Nilimwambia hata Baba aliuliza hivyo hivyo. Akatoka akakaa peke yake barazani.

Asubuhi alikuja jikoni na karatasi zake. "Lori litakuwa la kampuni, hilo siachi," alisema. "Hii nyumba sijaiandika popote. Nimeona nikuulize wewe kwanza."

Nililia, naye akadhani ni furaha. Nilikuwa nakulilia wewe, Mama mdogo. Ulikuwa hapo hapo uani, sauti ya Baba inakufikia, na hakuna aliyekuuliza.

Mungu akupumzishe, mama yangu.

Mwanao wa nyumba kubwa,
Zuhura