Baa Linafuja

Aabo,

Wanaume ndio wanaokwenda kukusalimu makaburini kila Ijumaa. Mimi nina kalamu, basi salamu zangu zinakuja kwa njia hii. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu ya Kisomali hatujazoea kuiandika, ila Aabo na Hooyo, baba na mama, sina namna nyingine ya kuwaita, na kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia ni la Kiswahili. Lilianzia kwenye neno moja. Siku ile nilidhani aliyekosea ni wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Hooyo hajambo, mguu tu ndio unaomsumbua asubuhi. Redio inasema vita vya shifta vimekwisha, na watu hapa Garissa wameipokea habari hiyo kimyakimya, wakisubiri wasikie kama itarudiwa kesho. Dada yako, Shangazi Dahabo, amepewa kibali cha kurudi malishoni na watoto wake wote saba, ingawa ng'ombe aliobaki nao ni watatu. Nyumba iliyokuwa na watu kumi na mmoja sasa ina wawili. Nikiita Hooyo toka chumba cha mbele, sauti inanirudia.

Na paa nimelitengeneza. Nakuambia mapema usije ukahangaika mpaka mwisho wa barua. Lakini sina budi kukueleza lilivyotengenezwa, maana hapo ndipo nilipojua nilivyokudhulumu.

Unakumbuka ule mwaka vita vilipoanza. Nilikuwa darasa la sita, msichana peke yangu darasani, na wewe hukukutana na mtu bila kumtajia hilo. Paa lilikuwa limeanza kuvuja juu ya kona ya mashariki. Ulimwona Fundi Komora akipita mbele ya nyumba yetu, yule Mpokomo wa mtoni ambaye Kiswahili kwake ni maji, ukamwita. Ukamwambia, "Fundi, baa linafuja."

Fundi aliinamisha kichwa akauliza ni baa gani, na linafuja nini. Vijana waliokaa kibarazani wakaangua kicheko, kwa sababu ulikuwa umemwambia kwamba kuna balaa linatapanya mali. Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilisimama katikati yao nikasema, "Si baa, Aabo. Paa. Paa linavuja." Nilitamka polepole huku nimebana midomo ili uone, kama mwalimu wetu alivyokuwa akitufanyia sisi. Ulinitazama, ukasema kwa Kisomali kwamba ndiyo maana ulinipeleka shule. Kisha ukamwambia fundi mtaonana siku nyingine, ukaingia ndani.

Hukumwita tena. Angalau ndivyo nilivyojua mimi.

Mvua za gu, zile za masika, zilipokuja, Shangazi Dahabo alikuwa amekwisha kuhamia kwetu na watoto, baada ya kuamriwa na serikali watoke malishoni. Ulichukua kitanda chako ukakiweka kwenye kona ile ile inayovuja, ukawaachia watoto upande mkavu. Mvua ikianza, ulikaa kitako kitandani umefungua mwavuli wako mweusi, ndani ya nyumba, unaagiza bakuli la kukingia maji. Watoto walikufa kwa kicheko, nawe ukawaacha wacheke. Mimi nilikuwa na hasira. Nilidhani umesusa. Nilidhani umeapa kwamba kwa haya niliyokutia mbele ya watu hutalitaja paa hilo tena, hata likikuangukia.

Halafu mwaka wako wa mwisho ukazidisha. Ukaanza kusema "pakuli". "Lete pakuli, maji yanaingia." Wakati wa chai, saa tuliyojiwekea ya kuongea Kiswahili, ulisema "asupuhi", ulisema "pahati". Niliona unanikejeli. Siku moja nilikuletea bakuli nikalitua sakafuni kwa kishindo, nikaondoka. Ulicheka kidogo, ukakohoa.

Ulipofariki, bakuli lile nilishindwa kuliangalia. Nilijiambia kwamba kama nisingekusahihisha, fundi angepanda juu siku ile ile, na wewe usingelala kwenye maji miaka yote hiyo. Sikumwambia mtu, hata Hooyo.

Mwezi uliopita ndipo nilipomwita Fundi Komora. Nafundisha darasa la kwanza sasa, bila cheti, lakini mshahara upo. Hesabu yangu ilikuwa bati mbili, misumari ya kujaa kiganja na kikombe cha chai. Fundi alipanda, akagongagonga, akashuka na kipande cha mbao kilichokuwa kinamomonyoka mkononi mwake. Aliuliza nani aliyeezeka nyumba hii. Nikamwambia ni wewe na marehemu amu, mwaka mlipotoka malishoni kuja kuishi mjini. Akacheka mpaka akakaa chini. Misumari yote, Aabo, mliipigilia kwenye mabonde ya bati, pale pale maji yanapopita, badala ya migongoni. Alisema mlipigilia kama watu wanaofunga mikeka ya aqal, kibanda chetu cha kuhama, ambako kila kitu huvutwa chini kikakazwa.

Kwa hiyo maji yalikuwa yakiingia kwenye matundu hayo tangu mwanzo. Mbao zikaoza, mchwa wakamalizia. Kubadilisha bati mbili kungekuwa kutupa pesa. Paa lilitakiwa lifumuliwe lote na mbao ziwekwe upya. Na mbao zinatoka mbali, kwa lori linalongoja msafara wa askari, na mwenye lori hutoza mzigo, akatoza na woga wake pia. Aliponitajia bei niliguna.

Fundi akasema, "Babako hakuguna. Bei aliikubali. Zilizomshinda ni siku."

Ndipo aliponiambia. Kumbe ulirudi kwake mara tatu, ukipita nyuma ya soko ili tusikuone. Mara ya kwanza hukuuliza habari za paa kabisa. Ulikaa kwenye benchi lake ukamwomba akufundishe lile neno, binti yako asione haya tena. Mkakaa alasiri nzima, wewe umejibana midomo kwa vidole viwili, yeye anapuliza "pa, pa, pa" mpaka mate yakamkauka. Mara ya pili ulisema "paa" safi kabisa, kisha ukamwuliza "pei". Fundi anasema ulipoipata ile p hukutaka tena kuivua, kama mtu na viatu vipya.

Pakuli, Aabo. Asupuhi. Ulikuwa unajifunza kwa ajili yangu, na mimi nikakununia.

Mara ya tatu ulikwenda na pesa mkononi. Ulikuwa umeuza fahali wawili kwa bei ya kutupa, maana soko la mifugo lilikuwa limefungwa na mnunuzi alikuwa mmoja tu. Fundi akakueleza kwamba nyumba itakaa wazi siku nne. Anakumbuka ulivyohesabu kwa vidole, na ule ulimi wako wa zamani ukarudi: "Watu kumi na moja, siku nne, wende wabi?" Kafyu ilianza jua likizama, na aliyekutwa nje hakuulizwa jina. Nyumba za majirani zilikuwa zimejaa kama yetu. Fundi alijaribu kufikiri namna ya kufumua upande mmoja mmoja, lakini mbao zilikuwa zimeshikana, ukiondoa moja zote zinakuja. Kisha ukamwambia angoje mpaka dada yako na wanawe warudi kwao. Pesa za fahali zikawa unga na mablanketi yao. Na ukamwomba asitueleze lolote, Dahabo asije akajiona mzigo.

Sasa naijua gharama ya paa letu. Nilikuwa naitafuta kwenye bati. Wewe ulikuwa unailipa kila mvua iliponyesha, umekaa kitandani na mwavuli, watoto wanakucheka. Sisemi paa ndilo lililokuua. Ulikuwa na kifua tangu zamani, na siku ya kufa huiandika Mungu. Lakini ulilala pale kwa kupenda kwako, na mimi niliona kiburi.

Mara hii siku nne zilipatikana kwa urahisi, kwa kuwa watu hawapo. Wewe pia hupo. Hilo liliniuma kuliko bei.

Hooyo hakutaka kwenda kulala kwa jirani. Alitoa mikeka yake ya zamani sandukuni, akakata fito, akajenga aqal uani kwa mikono yake mwenyewe, na mguu haukumuuma hata kidogo. Siku ya tatu alasiri mvua ikatukuta, nyumba iko wazi na fundi amejibanza chini ya ukuta wa jirani. Tulikaa ndani ya aqal mimi na Hooyo, goti kwa goti. Halikupita tone. Hooyo akasema wewe na ndugu yako mngemwachia yeye kazi ya kuezeka tangu mwanzo. Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia nimimine chai.

Fundi alimaliza siku ya nne kabla ya adhuhuri. Misumari yote iko migongoni, nimehakikisha mwenyewe. Mvua iliyofuata nilitega bakuli lako kwenye kona ya mashariki, kwa mazoea tu. Lilibaki kavu.

Kuna jambo moja nakuahidi. Wiki iliyopita alikuja shuleni mama mmoja mtu mzima, akasimama mlangoni mbele ya walimu wenzangu wawili kutoka bara, akaniambia, "Mwalimu, mtoto wangu anabenda shule sana." Niliwaona wale wawili wakitazamana. Nikamjibu, "Naam, mama, anabenda sana, na anajitahidi." Ndivyo nitakavyofanya maisha yangu yote. Watoto nitawafundisha, kwa uvumilivu wa Fundi Komora. Mtu mzima sitamsahihisha mbele ya watu, hata akinigeuzia kila herufi.

Kitanda chako kiko pale pale, sikukisogeza. Mwavuli nimeutundika juu yake.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko, na pawe pakavu. Nakuaga, Aabo, kwa maneno yako mwenyewe, wala sibadilishi hata herufi moja: baa halifuji tena.

Binti yako,
Deka