Matofali Yasiyochomwa

Marani, Jumatano, Agosti 1996

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Mwenye shamba, Mama Kerubo, alileta fundi mwenye mashine ya kushindilia udongo na saruji kidogo. Matofali yake hayachomwi, hunyunyiziwa maji tu. Mama akaniuliza, "Wafula, tanuri lako la matofali linakula miti mingapi kila ukichoma?"

Nikajigamba, "Mikaratusi kumi, Mama, na moto wangu hauzimiki!"

"Kumi! Kumbe unanichomea shamba!" Wote wakacheka. Mimi pia nikacheka.

Jioni akaniambia kwa upole kwamba tanuri la jana ndilo la mwisho, kisha akanipa ndizi.

Miti yake itapona. Hata kifua changu kitapumzika kutokana na moshi. Lakini miaka tisa sikujifunza kitu ila moto.

Nyumbani Bungoma wananiita fundi. Sijui nitawaambia nini.