Isale Waliloleta Msibani Kwako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini hukunilea nianze kuongea na mkubwa bila salamu.

Umelala pazuri, kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kati ya migomba na ile mibuni uliyoing'oa na kuipanda upya kwa sababu kampuni ya kahawa ilikufundisha. Mama bado anakuwekea kikombe mezani. Mimi nakiondoa, tunagombana. Mfongo umekauka. Ule mfereji waliouchimba babu zako, Wajerumani wakanyweshea farasi wao humo, Waingereza wakauandikia masharti, na bado ukatiririka, umekuja kukaushwa na watu wenye neno "ushirikiano" kwenye ukuta wa ofisi yao.

Na wewe uliwapenda. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mzee mzima unapanda kilima kwenda shamba darasa, unakaa mbele, unanyoosha kidole! "Siku nikiacha kusoma, mnizike," ulikuwa ukisema, huku umembana mjukuu wako akufundishe Kiingereza. Tumekuzika, Baba, na ulikuwa hujaacha.

Yule meneja wao Mzungu alipenda kukuuliza mila zetu, nawe ulifurahi sana mwanafunzi kugeuka mwalimu. Ukamweleza habari za isale. Kwamba ukimkosea Mchagga, hata kama umemuulia mtu wake, ukimpelekea jani la isale lililofungwa fundo, hawezi kukataa kukusamehe. Nilikuwa namenya ndizi pembeni yenu. Meneja alikuomba urudie, ukarudia, tena taratibu ili aelewe vizuri.

Kiangazi kilipokuja wakaufunga mfongo kule juu, maji yote yaende kwenye mashamba yao. Siku ya zamu yetu ya maji ulipanda na jembe lako kufungua, kama ulivyofanya maisha yako yote. Mlinzi wao akakupiga rungu la kichwa. Kampuni ikasema uliteleza. Picha yako ukicheka bado iko kwenye pakiti zao za kahawa.

Siku ya mazishi wakaleta isale. Sisi hupeleka jani moja. Wao, kwa kuwa hawajui kufanya kitu kidogo, walileta matawi mazima, na mashina yake, kwenye kikapu chenye utepe. Baba mdogo alipokea. Angefanyaje, na ukoo mzima unamtazama? Habari ya kwenda mahakamani ikafia pale pale mbele ya jeneza lako. Meneja akamwambia Mama "aika", asante, kwa Kichagga safi, akakaa, akala nyama yetu.

Matanga hayajaisha, trekta likaja kuchimba njia ya bomba katikati ya kihamba. Meneja akashangaa kutuona tumekasirika. Si mmeshasamehe, akauliza. Nilicheka vibaya, Baba, hadi Mama akaniziba mdomo kwa kanga.

Kwa sababu ulimfundisha nusu. Hukuwahi kumwambia kwamba isale likipandwa ardhini ni mpaka, na anayeling'oa anajilaani yeye na uzao wake. Matawi yao nilikuwa nimeyaweka kwenye ndoo. Nikayapanda mstari mmoja mbele ya trekta, kutoka mgomba wa juu hadi kaburini kwako. Dereva, kijana wa Kiboriloni, Mchagga mwenzetu, akazima injini, akashuka. Akafukuzwa kazi hapo hapo. Ana mke na mtoto mchanga, nilisikia baadaye, na sikumwonea huruma. Hivyo ndivyo nilivyo tangu uondoke.

Najua hawajashindwa. Wataleta dereva wa mkoa mwingine, ambaye kwake isale ni jani tu la mbuzi. Atanikuta nimesimama pale, na nitamfundisha.

Nakuahidi mambo mawili. Nitasoma kama ulivyosoma, sheria ya ardhi na ya maji, hata nikizeeka nayo, lakini sitamfundisha mtu wao chochote kwa furaha. Na sitasamehe. Baba mdogo alipokea kwa ajili ya ukoo. Mimi sikupokea, nilipanda tu.

Pumzika, Baba. Masale yao yameshika, yametoa majani mapya. Nayamwagilia kila asubuhi kwa maji niliyooshea vyombo, kwani yale mengine wameyachukua.

Binti yako,
Ndeshi