Ushuru Wangu kwa Jina la Kaka

Mpendwa Shangazi Hamdia, naomba msaada wako, na nikianza kujitetea katikati unikatize. Mimi ni mzaliwa wa Bangale lakini huu mwaka wa nne naishi Kampala, natafsiri Kisomali kwa simu kwa hospitali za ng'ambo, sina mwajiri, nalipwa kwa kila kazi, na hapa sijajisajili kwa ushuru hata siku moja kwa sababu wateja niliwaambia niko Kenya, na Kenya nako sikutaka kukatwa, basi kabla ya kuondoka nilimchukua kaka yangu Guled, mfugaji, hajui kusoma, nikampeleka mpaka Garsen nikamwambia tunasajili laini ya simu, akaweka kidole kila nilipomwonyesha, kumbe nafungua akaunti na PIN ya ushuru kwa jina lake, malipo yangu yote yakawa yanaingia humo, kadi ninayo mimi, na kila Juni namjazia fomu kwamba hana mapato.

Mwaka huu ukame umemmalizia ng'ombe wote, watu wakaandikwa wapate chakula cha msaada, jina lake likafutwa, akaenda kwa chifu kuuliza akaambiwa mbele ya watu, "Mzee, wewe unalipwa na Wazungu kila mwezi na ushuru hulipi, unataka unga wa maskini?" Tangu siku hiyo haongei na chifu, anaamini ndiye aliyemchezea jina lake, watoto wanakunywa chai ya rangi wanalala, na juzi amenipigia akaniambia, "Walal, dada yangu, wewe ndiye umesoma kwetu, nitafutie huyo mwizi wa jina langu." Nikamwambia nitamtafuta. Shangazi, kuna njia ya kulipa huo ushuru kimyakimya asijue?

Kadra, Kampala

Kadra,

Njia hiyo haipo, na ingekuwepo nisingekuonyesha. Najua kazi isiyo na mwajiri inatisha, mwezi huu unakula, ujao hujui, na fomu za nchi mbili zinachosha hata waliosoma. Ungeniandikia kwamba umechelewa kujisajili ningekuhurumia. Lakini umemtwika deni lako mtu aliyeweka kidole kwa kukuamini, na sasa wanawe wanalala njaa. Nimekasirika, sikufichi.

Leo hii tuma pesa ya chakula Bangale, na usiiite msaada. Kisha jisajili hapo Kampala kwa jina lako, maana ndipo unapoishi na kufanyia kazi, na utafute mhasibu anayejua sheria za nchi zote mbili akueleze kipi kinalipwa wapi. Kula kiapo cha maandishi mbele ya wakili kwamba pesa zote za akaunti ile ni zako, urudi nacho nyumbani mwenyewe, ofisi ya ushuru kwanza, halafu kwa chifu. Huenda ukatozwa faini, huenda ukashtakiwa. Omba kulipa kidogokidogo, lakini usitoroke.

Ila wakili angoje kidogo, kwa sababu kaka yako anasubiri jibu. Alikutuma umtafutie mwizi. Mpigie umwambie umempata, na usikate simu mpaka akate yeye.